Jina Mgongoni mwa Farao

*Swenet. Mwaka wa thelathini na nne wa Farao wetu, msimu wa Kiangazi, mwezi wa tatu, siku ya nne.*

Kwa kaka yangu Kena, mchonga mawe wa hekalu la Waset, mwenye pua inayofika kazini kabla yake.

Kila siku namwomba Khnumu, bwana wa maporomoko, aliyetufinyanga sote kwa udongo, akupe uhai, siha na nguvu. Pua sijakuombea. Siku aliyokufinyanga wewe udongo ulimbakia, akaona ni haramu kuutupa.

Habari kubwa ni kwamba nimemtoa Farao mwambani. Watu mia tatu walinisaidia, sikatai, lakini ukiuliza hapa Swenet nani alimtoa, nimeshawafundisha waseme Ipui. Mwaka mzima nimegonga jiwe jekundu kwa jiwe jeusi. Unagonga kutwa, jioni unapata unga wa kujaza kiganja. Mikono yangu sasa ukiishika utadhani umeshika kisigino cha mamba. Lakini mwone! Ameketi kwenye kiti chake, viganja juu ya magoti, urefu wa watu kumi waliopandana mabegani. Ndani ya sikio lake nimewahi kulala usingizi wa mchana. Uso tumemwachia kazi kidogo, mtammalizia ninyi wa mjini. Msimtie pua yako.

Yule mwalimu aliyenifukuza shule kwa sababu nilimchora ana masikio ya punda, ukimwona mpe salamu hizi: Ipui atasimama juu ya goti la Farao. Nyapara Senu kanichagua mimi niongoze wimbo na kupiga makofi siku ya kumburuta mpaka mtoni. Watu mia tatu kwenye kamba, nami juu. Nikipiga wanavuta, nikinyamaza wanasimama. Shuleni hata panya hawakunisikiliza.

Mzee hajambo. Yeye kazi yake ni ile ile ya miaka ishirini: anasimama mbele kabisa kwenye unyayo wa Farao na mtungi wake, anamwaga maji kwenye udongo ili kile kitanda cha magogo kinachombeba Farao kiteleze. Hajawahi kumwachia mtu mtungi huo. Meno yamebaki matatu na yote anayatumia kunicheka. Anasema furiko likija atapanda boti moja na Farao aje kwako akae, asiguse jiwe tena mpaka afe. Jana alisema, "Huyu Farao ndiye wa mwisho. Namfikisha, naye ananifikisha."

Hajui kuandika, unamjua, kwa hiyo amechora bata wake hapa chini. Anatazama kulia kama siku zote. Kigae ninachoandikia kimeisha.

Ni mimi Ipui, msomi wa miaka mitatu na miezi sita.

*

*Waset. Mwaka wa thelathini na nne, Kiangazi, mwezi wa tatu, siku ya kumi na tisa.*

Kwa Ipui.

Kigae chako nimekipata. Habari zako zilikuwa mistari ishirini, za baba minne. Utajirekebisha.

Nimekuwa nikichimba kaburi la baba mlimani siku zangu za mapumziko. Lina hatua nne sasa na kuta nimezisawazisha nikazipaka chokaa. Jina sijaandika. Nataka aje, akae kwenye kigoda, alione likiandikwa. Seremala amepata mbao nzuri za mkuyu kwa ajili ya sanduku, anangoja vipimo tu. Mpime baba kwa kamba, ufunge fundo moja utosini na jingine kisiginoni, uilete. Mwambie ni la mkuyu, atafurahi.

Maneno yafuatayo umsomee neno kwa neno. Baba, umri umekwenda na miguu yako si ya kusimama kwenye unyayo wenye tope. Mwachie mwanao mtungi. Ipui, beba mtungi wewe. Goti la Farao mpe mwingine, makofi hata nyani hupiga.

Na wewe mwenyewe nakuonya, kwa sababu najua mikono yako inawasha. Kwenye kikosi cha jirani yetu, mtu alikwaruza jina lake kwenye kisigino cha sanamu, kwa mchezo tu. Amekatwa pua, amepelekwa Kushi kwenye machimbo ya dhahabu. Jiwe la Farao lina jina moja.

Bata wa baba nimembandika juu ya mlango.

Kena.

*

*Swenet. Mwaka wa thelathini na nne, Kiangazi, mwezi wa nne, siku ya nane.*

Kwa kaka Kena. Uhai, siha, nguvu.

Farao amefika mtoni. Siku sita. Viganja vyangu vimevimba kwa makofi, siwezi kushika vizuri kalamu, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Watu wote wanasema hawajawahi kusikia wimbo ukiongozwa vile. Nyapara Senu mwenyewe alisema, "Kijana huyu hata jabali likimwangukia baba yake hanyamazi." Sifa hiyo.

Mzee hajambo. Vumbi limemkausha sauti, haongei sana. Amelala.

Kamba hii hapa na mafundo yake mawili. Usishangae ikiwa ndefu. Mzee alikuwa anajikunja tu kwa sababu ya kazi, akinyooshwa ni mrefu.

Farao anangoja maji yapande ndipo wampakie. Mlindie nafasi nzuri. Mgongo umwegemeze ukutani kabisa, pasipite hata mjusi.

Bata wake huyu hapa.

Ipui.

*

*Ndani ya bakuli la udongo, maandishi yanazunguka kutoka ukingoni kwenda chini. Kiangazi, mwezi wa nne, siku ya kumi na nne.*

Kwa baba yangu Didia, kutoka kwa Ipui.

Baba, wenzetu huwaandikia wafu wao hivi, kwenye bakuli, wanalitia mkate na kuliweka kaburini, marehemu akimaliza kula anaona maneno. Kusoma hujui. Kaburi huna. Mkate ninao nusu. Tuvumiliane.

Ulitaka kujua kilichotokea? Hukuona, ulikuwa umegeuka unapima udongo kwa mguu kama kawaida yako. Tulikuwa mteremkoni. Maji yalirudi kwenye unyayo wa Farao, ukateleza, ukaanguka mbele. Mtungi ulipasuka kwanza. Watu wa kamba hawakuona, walikuwa wameinama. Mimi niliona, nilikuwa juu. Na unajua sheria ya mteremko kuliko mimi: kile kitanda kikisita kidogo kinapinduka, kinaua upande mzima. Nyapara Senu aliniinulia mkono, akasema, "Piga! Piga usinyamaze!"

Nikapiga, baba. Niliendelea kupiga makofi. Na wimbo niliuimba, ule wako, wa mwanamke aliyeoka mkate akamsahau mume jikoni. Walivuta vizuri sana.

Hapakubaki kitu cha kufunga sanda. Kilichobaki hakikujaa mtungi, na mtungi wenyewe ulikuwa vipande. Mto umekichukua. Sasa mtu asiye na mwili akaishi vipi huko? Mwalimu alisema, kwa jina. Jina likisomwa, mtu anavuta pumzi. Jina likifutwa, amekufa mara ya pili, na hiyo ndiyo haina dawa.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Farao yuko gatini, mgongo wake umekaribia mwamba, mtu mwembamba anapita. Siku tano, mchana jua linapowalaza wote kivulini, nimejibanza pale na jiwe kali la gumegume na mchanga. Nimekuandika mgongoni mwake, chini, padogo kama kiganja: Didia, mwenye sauti ya kweli. Unajua maneno hayo ya mwisho ni ya nani? Huandikwa baada ya jina la mtu aliyekwisha kufa tu, akapimwa moyo huko akashinda. Ukimwandikia aliye hai umemroga. Nikakuongezea bata. Halafu nikapaka tope la mtoni, hata nzi hajui. Wakimwegemeza ukutani hakuna atakayekuona, lakini kila wanapomfukizia yeye ubani, moshi utakufikia na wewe. Utaishi kwa mgongo wa Farao, mzee. Nani katika Swenet nzima ana baba wa hivyo?

Kuna jambo jingine. Asubuhi ile nilikusomea barua ya kaka ulipokuwa unakula kitunguu. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya mwalimu, ukacheka. Kuna mstari niliuruka. Ukauliza, "Ni hayo tu?"

Nikasema, "Ni hayo tu, baba."

Ipui.

*

*Waset. Mwaka wa thelathini na nne, msimu wa Furiko, mwezi wa kwanza, siku ya kumi na mbili.*

Kwa Ipui.

Kamba nimeipokea, seremala ameanza. Lakini kigae chako hakikuitaja pua yangu hata mara moja, na bata anatazama kushoto. Miaka yote anatazama kulia.

Kuna nini? Kama baba anaumwa, sema. Kama mmegombana, sema. Kama alikubali kukuachia mtungi, sema, nifurahi.

Kena.

*

*Swenet. Furiko, mwezi wa kwanza, siku ya ishirini na tano.*

Kwa kaka Kena, mwenye pua ambayo furiko likizidi tutaigeuza daraja. Haya, umeridhika?

Bata anatazama kushoto kwa sababu amechoka kutazama kulia, mbona bata ana haki zake. Wewe unahesabu shingo za bata wakati wenzako tunapakia Farao botini. Maji yamepanda mpaka mlangoni kwa nyapara. Tumempakia kwa siku mbili. Boti ilizama mpaka shingoni, ikatulia, watu wakashangilia.

Mzee yuko na Farao. Wameondoka pamoja kama alivyotaka.

Mimi nimebakizwa, kuna jiwe jingine wanalitaka. Bia usiweke nyingi, hanywi kama zamani.

Ipui.

*

*Waset. Furiko, mwezi wa pili, siku ya kumi na nne.*

Kwa Ipui.

Nilikwenda gatini na mtungi wa bia na mkate wa tende aupendao, laini, kwa yale meno matatu. Mabaharia wakashuka wote. Nikamuuliza nahodha, "Mzee Didia yuko wapi?" Akasema, "Muulize mdogo wako," akaanza kushughulika na kamba ambazo zilikwisha fungwa. Nikadhani kabadili nia, mkaidi yule, kabaki na mwamba wake. Bia nikaigawa.

Jana nilipewa kazi ya kuosha na kusugua mgongo wa sanamu kabla haujaegemezwa ukutani. Kwa nini mimi, sijui. Tulikuwa wachongaji kumi na wawili. Nilimwaga maji, tope likatoka, nikaona bata. Anatazama kushoto. Nikacheka, Ipui. Nilisema moyoni, mjinga huyu atatuua sote. Halafu nikasoma jina. Halafu nikasoma maneno yanayofuata jina.

Hivyo ndivyo nilivyopewa habari ya msiba wa baba yangu. Sikuambiwa na mtu. Nilisoma mgongoni mwa Farao, ndoo mkononi, wenzangu wakipiga soga za mchezo wa pembe za ng'ombe. Nilikaa chini. Walisema ni jua, wakanipa kitunguu ninuse.

Nahodha nimembana amenieleza yote. Kwamba alianguka kutoka kwenye unyayo. Kwamba ulikuwa juu na hukuweza kuacha. Sikulaumu. Najua ulimsomea maneno yangu na najua alikataa, mzee yule asingemwachia mtungi hata mungu. Ulifanya ulichoweza. Ninakulaumu kwa kamba na kwa bata wa kughushi, na kwa ile bia.

Msimamizi wa kazi za Farao anakuja kesho kukagua kila upande, kisha jiwe linasukumwa ukutani. Nitalifuta leo baada ya wenzangu kwenda kula. Usinichukie. Baba ana kaburi hapa, hatua nne, kuta nyeupe. Nitamwandika humo, kubwa, kwa rangi nyekundu na nyeusi. Ungeniambia tangu mwanzo ningekuwa nimekwisha kumwandika.

Kena.

*

*Waset. Furiko, mwezi wa tatu, siku ya pili.*

Kwa Ipui. Choma barua hii, ni jani la mafunjo, si kigae.

Sikulifuta. Niliweka patasi mara tatu kwenye herufi ya kwanza. Kumbe mkono ukizoea kuandika majina haujui kuyaua. Nikapaka tope upya. Msimamizi ni mtu makini, alikuja na mtumishi wa ndoo, akaosha mwenyewe.

Akauliza, "Kazi ya nani hii?" Mwandishi wake akaanza kusema jiwe limetoka Swenet, waulizwe wa Swenet. Nikasema ni yangu. Nikasema Didia ni baba yangu, kafa mwaka huu, nimemwandika jana mimi. Mtu yeyote wa kikosi angeweza kuapa kwamba hilo ndilo jina la baba yangu, wakaapa. Umesikia? Hakuna anayekutafuta. Ukiulizwa, wewe hujui kuandika, ulifukuzwa shule.

Walinipa patasi na nyundo nikalifuta mbele yao. Mapigo kumi na moja. La mwisho lilikuwa la bata.

Kaburi limechukuliwa, amepewa mwandishi wa ghala la nafaka, na sanduku pia. Kuta zilikuwa bado nyeupe, imemfaa. Kamba niliitoa kabla hawajafika. Nimejifunga nayo kiunoni chini ya nguo, ile yenye mafundo mawili. Popote nitakapokuwa, urefu wa baba ninao.

Pua yangu haitakusumbua tena. Ulikuwa utani mzuri, ule wa daraja. Niliucheka peke yangu.

Njia ya Kushi inapita Swenet. Tutashushwa kwenye maporomoko kuburuta boti kwa kamba mpaka juu. Utakuwepo, kila mtu huwa anatoka kutazama. Usinijue. Usiite, usilie, usifanye lolote la kwako. Geuza uso kama mtu aliyeona kitu kibaya barabarani.

Nisamehe kwa yale mapigo kumi na moja.

Kena.

*

*Bakuli la pili, limepasuka ukingoni. Swenet. Furiko, mwezi wa tatu, siku ya kumi na tisa.*

Kwa baba yangu Didia.

Baba, ni mimi tena. Bakuli hili nimelipata bovu, mazima wanayo wenye makaburi.

Umefutwa. Nimeona nikwambie mimi kabla hujajiuliza mbona pumzi inapungua. Kaka ndiye aliyekufuta, kwa amri, usimshike ubaya. Kwanza alijaribu kutokufuta.

Amepita leo. Wafungwa arobaini kwenye kamba moja ndefu, maji yanavuma, boti haipandi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya watu, nimetii, nimegeuza uso. Nyapara Senu akapaza sauti, "Yuko wapi Ipui? Lete yule bwana makofi! Hawa bila wimbo watakufa maji hapa na boti itarudi nao." Wakanisukuma mbele, wakanipandisha kwenye jiwe. Watu wakapiga vigelegele, wananipenda hapa, si nilikwambia.

Nilimjua kwa mwendo, ule wa kutanguliza bega. Uso umefungwa kitambaa. Alikuwa wa sita. Nguo ilikuwa imelowa imemganda, nikaiona kamba kiunoni na mafundo yake.

Nikapiga, baba. Mara ya pili. Nikaimba ule wimbo wako wa mume aliyesahaulika jikoni, na yeye wa sita akaitikia. Wote waliitikia, lakini sauti yake niliichambua. Boti ikapanda. Hakuinua kichwa hata mara moja. Mwenye akili ni yeye, siku zote ulisema.

Sasa nikuambie kuhusu ile kamba. Aliponiagiza nikupime, sikukupima siku ile, nilikuwa najifunza nyimbo. Alipoingoja, wewe hukuwa tena na urefu. Nikalala chini gatini, nikajipima mimi. Fundo la utosini ni la utosi wangu. Anakwenda Kushi amejifunga urefu wangu mimi, anaubeba akidhani ni wewe, na sikumwambia. Ningemwambia lini? Nilikuwa napiga makofi.

Na hajui kuhusu mstari. Aliandika kwamba wewe ulikataa. Amekatwa pua akiamini ulikataa.

Bakuli hili naliweka kwenye shimo alipotolewa Farao. Umbo lake bado lipo mwambani, kiti, magoti, mgongo. Ni kubwa kuliko kaburi lolote Waset na halina mwenyewe. Nimekulaza pale pa mgongo, palipokuwa jina lako. Mkate leo ni mzima.

Sina utani. Nimeutafuta njia nzima.

Kaa vizuri kwenye kigoda, mzee, nakusomea barua ya kaka yote tangu mwanzo, polepole. Yale ya kaburi unayajua. Ya sanduku la mkuyu unayajua, ulifurahi. Baada ya hapo, kabla hujauliza kama ni hayo tu, palikuwa na maneno haya:

Baba, umri umekwenda na miguu yako si ya kusimama kwenye unyayo wenye tope. Mwachie mwanao mtungi. Ipui, beba mtungi wewe.

Sasa ni hayo tu.

Ipui.